Ng'ombe wa Mjapani

Coletha, nimejifungia chooni nakuandikia. Nacheka mpaka mbavu zinauma.

Unakumbuka ile video ya Kijapani ya mwaka 85, pale ukumbini Kolandoto, Maduhu akitutafsiria Kisukuma kwa kipaza sauti? Yule mwenye upanga anamwahidi mzee ng'ombe arobaini ili apewe binti, ukumbi mzima tunalia?

Mjukuu wangu ameipata kwenye simu, ina maandishi ya Kiswahili.

Hakuna ng'ombe.

Coletha, hakuna hata ndama. Yule mzee ni mng'oa meno. Jamaa anaumwa jino. Saa nzima ni jino.

Na sisi tulilia. Wewe nusura uzimie.

Sasa kumbuka Maduhu alivyokuja kuniposa. Baba, ambaye siku ile ya video alikaa mbele kabisa, akamwambia, "Mjapani katoa arobaini, wewe Msukuma utoe pungufu?" Akatoa arobaini, wengine kaazima kwa shangazi yake.

Nimetoka kumuuliza sasa hivi, mume wangu, Kijapani ulijifunzia wapi? Hakuinua hata kichwa.

"Sikukijua. Ningekijua, baba yako angenidai jino."