Nilikubali Doha Nikidhani ni Nakonde

Shikamoo shangazi Tulinagwe, naomba unishauri kabla sijaivunja ndoa kwa mdomo wangu mwenyewe. Naitwa Ferista, nauza vitenge hapa Tunduma, mume wangu Ombeni yuko Doha anaendesha foklifti kwenye ghala, na kusema kweli kazi yake imetujengea nyumba na watoto wanasoma, sina la kulalamika, ila mwezi uliopita alinipigia akasema amepandishwa cheo na sasa anaruhusiwa kuleta familia, nitakuja? Nikajibu nitakuja, bila hata kufikiri, kwa sababu shangazi mimi nimezaliwa hapa mpakani, nchi ya nje kwetu ni Nakonde, hapo upande wa Zambia, navuka asubuhi kuchukua mzigo na mchana niko jikoni kwangu, basi nikajiona nakwenda Doha na kurudi, kukitokea msiba nakuja, mahindi yakikomaa nakuja, mpaka juzi alipoanza kunieleza kwamba kurudi ni kwa likizo tu, na likizo yenyewe ni baada ya miaka miwili, na joto lake kuna miezi mtu hatoki nje, na muda wote aliokaa kwenye lile jengo hamjui hata jirani wa mlango wa pili. Nikashtuka. Alipofiwa na baba yake mdogo kule Ibaba alihudhuria mazishi kwa simu ya video, tukampitisha mkono kwa mkono akilia, mtandao ukakata, sura ikaganda mdomo wazi, na mama zake wakaendelea kumbembeleza hivyo hivyo, sasa na mimi ndiye nitakayezungushwa msibani ndani ya simu? Ila ameshanunua mapazia, kila siku ananitumia picha ya sebule, ana furaha mno, namwambiaje kwamba siendi?

Ferista, Tunduma

Marahaba Ferista. Nisamehe, nimecheka mpaka chai ikanipalia. Mfanyabiashara gani wewe, kitenge unakikagua mpaka kwenye pindo, halafu unaambiwa uhame nchi unajibu kama umekaribishwa kula? Maskini Ombeni.

Haya, utani pembeni. Kutaka kubaki kwenu si kosa. Kosa ni kumwacha mwenzio aendelee kupamba sebule wakati moyoni umeshakataa. Mwambie leo, kwa sauti yako, si kwa meseji, wala usimtume mama mkwe. Mweleze ulivyofikiri ulipokubali. Akicheka, vizuri. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki.

Kisha mwombe uende kutembea kwanza, watoto wakifunga shule. Huko nako watu wanaishi, wanasali, wanapika, na wapo waliozoea wakanenepa. Ukiona kwa macho yako na bado hutaki, kaeni mpange lini yeye arudi. Nyumba mnayo, na kwa mizigo inayopita Tunduma, mtu anayejua foklifti hakosi pa kuanzia.

Lakini kuna jambo limenikera, na hapa nakugombeza. Umeniandikia habari za joto, mahindi, misiba na jirani asiyejulikana. Mwanaume anayeishi hivyo halafu anashinda akikutumia picha za sebule tupu, huyo ni mpweke, mwanangu, na sidhani kama umeliona hilo. Barua yote hii, hujasema hata mara moja kwamba umemkumbuka. Kama hujamkumbuka, basi shida yenu haiko Doha. Kama umemkumbuka, mpigie sasa hivi, na uanze na hilo.