Mkwe Kwenye Mashine Namba Nne

Jumatatu, 4 Novemba
Nimefungua karakana mapema. Nimefagia, nimepanga ndoo. Leo tumeanza na mashine mpya za kubangulia korosho, tano, za kukanyaga kwa mguu. Watu wawili kila moja, uso kwa uso: mmoja anabangua, mwenzake anachokoa kiini. Nimewapanga kwa namba zao za kazi, nisije nikaambiwa napendelea. Nimewasomea orodha. Swali? Hakuna. Wote "ndiyo". Nimefurahi kweli.

Jumanne, 5 Novemba
Viini vinatoka vipande vitupu. Mashine namba nne ndiyo balaa. Bakari anabangua huku anatazama dari. Mama Tausi amejifunika kanga mpaka puani, anachokoa kwa kupapasa. Nikadhani macho yanamuuma. Nimempa ruhusa aende zahanati. Hakwenda.

Alhamisi, 7 Novemba
Bosi kapiga simu kutoka Masasi. Hali ikiwa hii mpaka Jumamosi, mashine zinaondoka Newala na korosho zote zitabanguliwa kule. Watu kumi, kazi basi. Mimi wa kumi na moja. Nimewafokea. Nimewapa mafunzo tena, saa nzima, na mchoro ubaoni. Nimekula peke yangu.

Ijumaa, 8 Novemba
Mjinga ni mimi. Bakari kamuoa Tausi! Nilikuwepo harusini Chiwata, nikala pilau sahani mbili. Halafu nimemweka goti kwa goti na mama mkwe wake siku nne. Kwa mila hawawezi kutazamana, hata kuombana ndoo hawawezi. Kaniambia Bibi Asumini, mzee kuliko wabanguaji wote, nilipomwamkia.

"Marahaba. Mwanangu, umetusomea, hujatuuliza. Ningesemaje mbele yao?"

Aibu. Kisha nimecheka mpaka machozi. Nimechana orodha, nikawaambia wapangane wenyewe. Robo saa haikuisha. Mashine zote zimegeuzwa, kila mtu na anayetaniana naye. Bibi Asumini kamchukua Bakari, anamwita "mume wangu". Kelele tupu. Mikono inakwenda.

Jumamosi, 9 Novemba
Bosi kaja. Kakagua trei: viini vizima, vyeupe, karibu vyote. Kauliza mashine kazitengeneza fundi gani. Bibi Asumini kamjibu ni mume wake, akamwonyesha Bakari. Karakana nzima hoi. Tunabaki Newala! Vigelegele. Mama Tausi kacheka kuliko wote, yuko mwisho kabisa, kampa mkwe wake mgongo. Nimepiga kigelegele na mimi, kibaya, sijali.

Jumapili, 10 Novemba
Manyunyu tangu asubuhi. Nimefua kidogo, nimeacha.

Bosi kapiga. Anataka nimtumie mpangilio wetu, kesho auweke Masasi kama ulivyo. Nimemwambia hautamfaa. Akae na watu wake kwanza, awaulize nani hawezi kukaa na nani. Mmoja mmoja, pembeni.

Halafu kauliza, je, wakimjibu "ndiyo" tu?

Nimemwambia asiondoke hapo, aulize tena.