Moja, Mbili, Tisa, Kumi

Mwenzangu, leo nimeumbuka mpaka basi.

Si unajua nilienda kule kliniki ya mazoezi nimefura? Wiki sita tangu mwanangu Kidosho apasuliwe mfupa wa paja, na goti bado halikunjiki!

Nikamtupia dada wa mazoezi karatasi yetu ya mazoezi ya nyumbani, imejaa tiki kila siku. "Sisi nyumbani tunafanya kumi asubuhi, kumi jioni. Labda nyinyi ndio hamjui kazi."

Yaani nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu.

Dada wa watu akatabasamu tu. "Kidosho, hebu panda kitandani unionyeshe mnavyofanya na Mama."

Mtoto akalala, akaanza kuvuta kisigino, huku anahesabu kliniki nzima inasikia:

"Moja. Mbili. Tisa. Kumi!"

TISA! 😭

Dada akauliza, "Na tatu je?"

Kidosho, bila hata kupepesa: "Tatu inauma. Mama huwa anairuka, maana nikilia na yeye analia."

Nilitafuta pa kuficha uso sikupaona. Mzee mmoja wa magongo alicheka mpaka akakohoa.

Dada akachukua karatasi mpya, akaandika: "Mama afanye pamoja na mtoto. Mtoto ndiye atakayehesabu."

Basi saa hizi niko chali sakafuni, nakuandikia kwa mkono mmoja. Kidosho yuko pembeni yangu, anavuta kisigino, machozi yanamtiririka, na wala haruki kitu:

"Tatu... Mama, acha kulia. Nne."