Nywele katika Wavu wa Sungura

Jumatano, 8 Oktoba

Basi la saa mbili na nusu kutoka Tottenham. Ghalani kabla ya saa nne. Mwaka wa tatu sasa ninaitumikia makumbusho hii bila ujira. Helen, msimamizi wa ghala, aliniita kutazama vikapu vya Pemba, kwa kuwa nasuka ukili tangu utotoni. Vikapu vikaisha, nami nikabaki.

Leo droo mpya. Zana za uwindaji za wenyeji wa asili wa jangwa la Amerika, upande wa kusini-magharibi. Fimbo za kurushia sungura. Bapa, zimepinda kama mundu, za mti mgumu. Hazimrudii mrushaji. Humwangusha sungura mbioni. Nimeipakata moja. Mpini umelainishwa na viganja vya watu waliokwisha kufa.

Nikakumbuka mlango wa uwindaji katika fiqhi tuliosomeshwa chuoni: kilichokufa kwa pigo la ubapa hakiliwi, ila kikiwahiwa kikachinjwa kingali hai. Nimewaza hayo njia nzima, si kwa kuwahukumu. Mtu, jangwa, mti uliopinda, na riziki inayokimbia. Subhana Llah.

Jumatano, 15 Oktoba

Wavu.

Tumeukunjua nusu tu. Meza nne zilizounganishwa hazikuutosha. Helen amenieleza kwamba nyavu kama huu zilitandazwa bondeni, na watu wengi, wanawake na watoto nao, wakawaswaga sungura waingie. Fundo kwa fundo, sikuona lililokosewa. Nasuka miaka sitini na siwezi kufanya vile.

Nikauliza kuhusu kamba nyeusi zilizochanganyika na zile za mmea unaofanana na mkonge. Nywele, akasema. Za watu.

Nikaondoa mikono. Vichwa vingapi? Nani alizikusanya, nani alizisokota, miaka mingapi, mpaka zikafika urefu wa ukumbi? Nilisimama mbele ya umma mzima uliolala juu ya meza.

Chini ya wavu, juu ya karatasi nyeupe, vipande vya nywele vilivyokatika. Helen alitoka kupokea simu. Kwetu unywele wa binadamu hauachwi wazi. Huzikwa. Bibi yangu alinifunza hilo kabla sijaijua alifu. Nikavifunga katika leso yangu. Baada ya alasiri nimevizika katika chungu cha mrehani, roshani, kwa dua.

Moyo umetulia.

Jumatano, 22 Oktoba

Moyo haukutulia tena.

Helen ana picha ya karatasi ile, aliyoipiga kabla ya simu. Vipande vimo. Sasa havimo. Na Jumanne wanakuja wenyewe, wajumbe wa watu waliousuka wavu, wakiongozwa na mzee wao. Wavu unarudi kwao. Waliomba jambo moja kwa maandishi: usipotee hata unywele.

Helen anadhani alivipeperusha alipofungua mlango. Ameandika barua ya kukiri uzembe. Jumatatu ataipeleka kwa wakuu wake. Anaogopa kufukuzwa kazi. Nilimmiminia chai.

Nimewafundisha watoto maana ya amana kwa miaka arubaini. Leo nimeona mwanamke akibeba kosa langu, nikamtilia sukari.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimefukua. Sinia, sindano, miwani. Punje kwa punje. Nilisoma kwamba kilichozikwa hakifukuliwi ovyo, lakini haki ya mwenyewe hutangulia. Hakuna aliyenipa ruhusa ya kuzika.

Mjukuu wangu Rahma alinikuta nimeinama. Nikamweleza. Akacheka mpaka akaketi sakafuni. Akaniambia, kwa Kiingereza chake, "Makumbusho zimejaa vitu vilivyobebwa makwao, Bibi, na wewe ndiye unayetubu?"

Nikamwambia toba za wengine sikuamriwa mimi. Akaanza kutafuta nami, macho yake makali kuliko yangu.

Tumepata vipande vitano. Kwenye picha nilihesabu saba.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimekwenda ghalani ingawa si siku yangu. Nimesema yote. Helen aliichana barua yake polepole, kisha akalia, kwa hasira. Nilistahili. Akasema sitagusa kitu tena mpaka wakuu waamue, na kwamba mzee atakayekuja nitamwambia mwenyewe.

Ndiyo haki.

Jumanne, 28 Oktoba

Mzee ni mwanamke. Rika langu. Nywele nyeupe, nene, zimefungwa kisogoni. Aliuzunguka wavu mara moja bila kuugusa.

Nikasimama mbele yake na bahasha yenye vipande vitano. Nikamweleza, kwa Kiingereza changu kizito: leso, chungu, viwili ambavyo sikuvipata.

Akaniuliza, "Ulipoziweka ardhini ulisema nini?"

Nikamjibu kwamba niliwaombea rehema waliokuwa nazo.

"Hukuwa na haki."

"Najua, dada yangu."

Nilidhani ataondoka. Akasema miaka yote hiyo wavu ulipokuwa ndani ya droo, hana habari ya mtu aliyewaombea. Hilo halikulifanya kosa kuwa si kosa. Alisema hivyo pia. Kisha akaagiza udongo wa chungu, wote. Viwili vimo humo, basi udongo utasafiri.

Rahma aliuleta kwa teksi, umefungwa katika shuka safi. Mzee akaupokea kwa mikono miwili, kama apokeavyo mtu mtoto mchanga. Alipoanza kuukunja wavu, alininyooshea kidole upande wa pili. Nilimtazama Helen. Akaitikia kwa kichwa. Nikashika ncha. Tukakunja pamoja, hatua kwa hatua, mpaka tukakutana katikati.

Sijapata kuogopa na kufurahi kwa wakati mmoja namna ile, ila siku niliyoiona Al-Kaaba.

Jumatano, 29 Oktoba

Sikwenda ghalani. Wakuu hawajaamua. Wakiamua nisirudi, watakuwa na haki.

Mvua nyembamba. Wajumbe wameondoka asubuhi. Baada ya adhuhuri nilibaki juu ya msala, nikataka kuwaombea wale wa kale. Siyajui majina yao. Siijui lugha yao. Nikainua mikono, nikasema: Mola wangu, Wewe uliyezihesabu nywele zao zikiwa bado vichwani, unawajua.

Sikuongeza.