Baiskeli ya Kumpandisha Mama Mlimani

Sekenke, Iramba
19 Septemba, 1954

Shemeji yangu mpendwa Simeoni,

Salamu zetu zikufikie huko Tanga kwenye mashamba ya mkonge, wewe na Theresia, na huyo mgeni wetu Selina ambaye bado hatujampakata. Natumaini homa ile uliyotuandikia imekuacha na miiba ya mkonge imeshakuzoea. Sisi huku, mimi na dada yako Dorika na watoto, tu wazima. Ng'ombe wanapata maji, ingawa siku hizi wanayafuata mbali. Mama naye yupo, anakula vizuri, na anakusalimu sana. Habari zake ndizo zilizonikalisha chini leo, kwa hiyo uniwie radhi barua ikiwa ndefu. Unanijua, nikianza habari ya baiskeli sijui kunyamaza, na hii inaanza kwa baiskeli.

Utakumbuka tulikuandikia mwaka jana kwamba macho ya Mama yanafifia, nawe ukajibu kwamba mkataba wako ukiisha utakuja umpeleke mwenyewe hospitali ya misheni kule juu. Lori la mwenye duka halipandi tena mlima tangu mvua zilipokata barabara. Machela Mama aliikataa, akasema machela ni ya watu wanaopelekwa kuzikwa, na yeye bado anamaliza ugali wake. Ikabaki baiskeli, na wa kumpakia ukawa wewe peke yako, maana mimi ni mkwe wake. Umekulia humu, sina haja ya kukufundisha. Tangu nimwoe dada yako sijamtazama Mama usoni, wala sijasema naye ana kwa ana. Tukikutana njiani mmoja wetu huingia porini. Nikiwa na neno kwake, namwambia Dorika, Dorika anamwambia yeye. Kumpakia nyuma yangu ilikuwa jambo lisilosemeka hata kwa mzaha.

Basi nikaanza kukuundia wewe baiskeli. Nilianza mara baada ya kupanda mtama. Fremu niliipata kwa karani mmoja wa mgodini aliyehamishwa, fremu ndefu inayofaa miguu yako. Taabu ilikuwa magurudumu. Njia yenyewe unaijua: kwanza mchanga kutoka kwetu hadi korongoni, halafu mbuga iliyojaa miiba, halafu mlima wenyewe, mawe matupu, na ukishafika juu barabara nyekundu ngumu kama sakafu. Tairi nyembamba inaipenda ile barabara ya juu, lakini mchangani inazama mpaka rimu. Tairi nene inapita juu ya mchanga vizuri, ila mlimani unakanyaga na kukanyaga unahisi kama kuna mtu amekushika shati kwa nyuma. Jirani yetu Yeremia alinishauri niweke nene zote mbili niache maneno. Dada yako alisema nachagua tairi kama mzee anayemchagulia mwanawe mchumba. Mwishowe niliweka nene nyuma, atakapokaa Mama, na nyembamba kidogo mbele ili usukani usiwe mzito. Hiyo nene haikuingia kwenye uma wa nyuma. Ilinibidi niupashe uma moto na kuupanua kidogo kidogo, naogopa usipasuke. Ndani ya tairi nikatandika utepe wa ngozi ya ng'ombe, miiba ikipenya iishie kwenye ngozi isifike kwenye tyubu.

Gia ndiyo iliyonikosesha usingizi. Gia ya mbele ya fremu ile ilikuwa kubwa, ya mtu anayekwenda ofisini. Nikaiondoa, nikatafuta ndogo kwenye vyuma vilivyotupwa. Ya nyuma nikaona haitoshi kuwa moja. Kwa hiyo kwenye gurudumu la nyuma nikafunga mbili, moja kila upande: yenye meno machache kwa tambarare, yenye meno mengi kwa mlima. Ukifika chini ya mlima unafungua nati, unaligeuza gurudumu, unarudisha mnyororo, unapanda. Wenzangu wote wa karakana ya mgodini walikuja kuitazama. Nilijisikia mtu, shemeji, nakwambia kweli. Kila jioni nilikuwa pale uani kwangu nagonga chuma, na nyumba ya Mama ni ng'ambo ya kijito tu, kwa hiyo kila nilipogonga alinisikia.

Wakati tunavuna ikaja barua yako kwamba Theresia amejifungua na mkataba umeuongeza. Hatukukulaumu. Mtu mwenye mtoto mchanga haachi kazi. Barua ile ndiyo iliyokuja na picha ya Selina. Dorika alimsomea Mama nyumbani kwake, mimi nikiwa nje nyuma ya ukuta kama ilivyo desturi, nasikiliza. Wewe ulitaka kujua kwa hamu mtoto kafanana na nani. Mama akaipokea picha, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akakaa nayo kitambo, akasema paji la uso ni la marehemu baba yenu, na masikio ni yako yale yale aliyokuwa akiyavuta mwalimu. Tulicheka wote, mimi nikicheka na ukuta. Hayo ndiyo majibu tuliyokuandikia.

Baada ya hapo baiskeli ikawa haina mwenyewe. Yeremia alijitolea. Nikampa aijaribu mchangani na gunia la mtama kwenye keria, akaanguka kabla ya kufika korongoni, gunia huku na yeye kule, akarudi anachechemea, akaniambia chombo hiki ni cha wewe uliyekiunda. Dorika alilia. Macho ya Mama yalikuwa yakizidi kufifia, alikuwa sasa anapapasa mlango. Hapo Mama mwenyewe akatuma neno kwa Dorika. Alisema nije asubuhi na baiskeli, yeye atajifunika uso, na mimi nitakuwa nimempa mgongo, kwa hiyo hakuna atakayemwona mwenzake, na Mungu si mtoto, ataelewa.

Nilikwenda, shemeji. Nilishusha tandiko mpaka chini kabisa na bado vidole vya miguu ndivyo vilivyogusa pedali. Mama akatoka amejitanda kaniki kichwa chote, Dorika akamkalisha kwenye keria. Hakunishika kiunoni. Alishika chuma cha chini ya tandiko. Tukaondoka. Nilidhani tutakwenda kimya mpaka misheni, lakini tulipoingia mchangani nikasikia anasema na baiskeli. Aliiambia imwambie anayeiendesha kwamba asikanyage kama anakimbizwa. Mimi nami nikaiambia baiskeli imwambie aliyepakiwa ashike vizuri, mbele kuna mashimo. Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Baiskeli iliulizwa kama imechoka, ikaulizwa watu wamevuna mtama kiasi gani, ikaambiwa kwamba imetengenezwa na fundi. Nilifurahi kama mtoto. Tairi ile nene ilipita mchangani bila kuzama, na mbugani hakuna mwiba uliofika kwenye tyubu.

Chini ya mlima niligeuza gurudumu kama nilivyopanga. Gia ilifanya kazi yake, magoti yangu ndiyo yaliyokataa. Ingekuwa wewe ungepanda. Mimi nilifika kwenye kona ya kwanza pumzi ikaisha, Mama akashuka bila kuambiwa, nikaanza kuisukuma. Yeye akafuata nyuma ameshika keria. Penye yale mawe makubwa mkono ukamponyoka, akaanguka kwa magoti. Nami nilisimama pale. Kumshika siwezi, kumwacha siwezi, kupiga kelele nimwite nani. Nimewahi kuona watu wakitolewa mgodini wameumia, lakini sijawahi kujiona mtu bure kama siku ile, nimeshikilia usukani wa baiskeli huku mama wa mke wangu anapapasa mawe, anatafuta pa kushika. Niliiambia baiskeli imwombe radhi. Akainuka mwenyewe, akafunga pindo la kaniki kwenye keria, akaiambia twende.

Tulifika misheni jua linapinda. Daktari alimtazama kwa kurunzi, jicho moja, halafu la pili, akarudia. Msaidizi wake, kijana wa Kinyiramba aitwaye Mathayo, ndiye aliyekuwa akitafsiri, na mimi nilisimama nje ya dirisha ili nisimwone. Daktari alisema macho yameuawa na ugonjwa unaokaza jicho kutoka ndani, na ulichoondoka nacho hakirudi, hakuna dawa wala kisu. Akauliza ni tangu lini haoni hata mwanga. Mama akasema ni juzi juzi. Daktari akamwambia Mathayo amwulize tena, taratibu. Safari hii Mama akasema ni tangu mvua za kwanza, kabla watu hawajapanda.

Pale dirishani nilirudisha mawazo nyuma, shemeji. Kabla watu hawajapanda, mimi sikuwa nimepata hata fremu. Ile miezi yote ya tairi nene na tairi nyembamba, kupanua uma, meno ya mlima na meno ya tambarare, nilikuwa namtengenezea njia mtu ambaye safari yake ilikuwa imeshapita. Kupapasa mlango tulikokuona sisi ni kwamba alichoka kujificha. Na picha ya Selina ilikuja wakati wa mavuno. Yale ya paji la uso na masikio, hakuyaona. Aliichukua picha akaenda nayo kwenye mwanga asiouona.

Siku ya kurudi tuliteremka mlima kwa miguu, yeye na pindo lake kwenye keria. Katikati ya mteremko akasimama. Safari hii hakuiambia baiskeli. Aliniita Marko. Sikuwa nimewahi kusikia jina langu kinywani mwake. Alisema alikuwa akinisikia nagonga chuma kila jioni tangu kilimo, na hakujua namna ya kuniambia niache, maana kuniambia mimi haiwezekani, na kumwambia Dorika ni kumliza. Akaamua kupanda ili kazi yangu isiwe imekwenda bure. Kisha akasema ana neno moja tu la kuniomba, na ni la kwanza na la mwisho: nisikuandikie. Wewe uachwe uamini kwamba Mama amemwona mtoto wako. Nikaitikia ndiyo, Mama. Na mimi hilo lilikuwa neno langu la kwanza kwake.

Sasa unaona nafanya nini. Neno la kwanza aliloniomba, nimelivunja kabla mwezi haujaisha. Dorika nimemweleza ya macho, amelia siku nzima, lakini hajui kwamba nakuandikia haya. Nimejaribu kunyamaza, nimeshindwa. Kila jioni mikono inatafuta chuma cha kugonga na hakuna cha kugonga. Macho ya Mama siwezi kuyafanya chochote. Kilichobaki ninachokiweza ni kukwambia wewe.

Njoo, shemeji, mkataba huu ukiisha usiongeze mwingine. Mlete Selina angali wa kupakatwa. Barua zako husomwa mbele ya Mama, kwa hiyo ukijibu, jibu kama mtu asiyejua lolote, tuma picha nyingine hata, tutampa. Na ukifika usimlilie. Mwekee mtoto mapajani, mwache ampapase uso polepole mpaka atosheke. Halafu mwulize tena, kana kwamba hujawahi kumwuliza, kafanana na nani.

Baiskeli nimeitundika chini ya paa, tandiko nimelirudisha juu kwa kimo chako. Msalimu Theresia, mwambie Dorika amemwekea karanga. Yeremia anasalimu, na mguu wake umepona. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Mimi shemeji yako,
Marko Kitundu