Kundi la msiba wako

Jumatano, katikati ya Julai

Baba Lusajo,

Leo Tukuyu imeamkia ndani ya ukungu, na hadi saa nne sikuweza kuiona nyumba ya jirani. Baridi ni ile unayoijua. Nimeota moto, nimekunywa chai, halafu nimefanya jambo ambalo nataka ulisikie kutoka kwangu.

Nimefunga kundi la msiba wako.

Ulipofariki, ndugu walifungua kundi kwenye simu kwa ajili ya michango na taarifa za mazishi. Wakanipa na mimi usimamizi, wakaweka picha yako, ile ya shati la mistari, umekunja uso kwa jua. Kiungo cha kujiunga kikasambazwa kwa watu wa kanisani, wa sokoni, wa kwenu na wa kwetu. Baada ya mazishi hakuna aliyetoka. Unawajua watu wetu. Kutoka kwenye kundi la msiba ni kama kuinuka kwenye mkeka wafiwa wakiwa bado wamekaa, na simu nayo inamtangazia kila mtu kwamba fulani ameondoka. Kwa hiyo walibaki wote, kimya.

Isipokuwa Festo.

Festo aliandika kila asubuhi. Poleni wafiwa, Bwana awatie nguvu. Siku nyingine aliniita kabisa, mama Lusajo umeamkaje. Sikumfahamu, lakini msiba huwa na watu wengi, nikadhani ni wa upande wenu. Kusema kweli nilimzoea. Wengine walikuwa wamerudi kwenye migomba na chai yao, nami sikuwalaumu. Nilikuwa nikifungua simu kabla ya kuwasha moto, nione kama ameandika.

Alikuwa ameandika.

Wiki iliyopita pole zake ziligeuka. Alileta picha za makreti ya parachichi na habari ya kampuni inayopeleka matunda nje ya nchi. Huhitaji shamba, alisema. Unaweka hela ya kuanzia, kila wiki unapata gawio, na ukimleta ndugu yako unaongezewa. Nafasi zimebaki chache, mwisho Ijumaa. Kisha akaandika kwamba hata marehemu alikuwa amekubali kujiunga, ila kifo kikamuwahi.

Wewe, ambaye hukununua parachichi sokoni bila kulitikisa sikioni usikie kokwa?

Nilimpigia dada yako Tusekile kumuuliza kama ameusoma ujumbe ule. Aliusoma. Akaniambia kwa furaha kwamba mnunuzi wa ng'ombe anakuja Alhamisi.

Ni yule ng'ombe uliyempa akiwa ndama, ukamsukuma kwenye mkokoteni hadi nyumbani kwenu Lupepo umemfunika kwa koti lako, wewe mwenyewe ukitetemeka. Maziwa yake ndiyo yanayoiendesha nyumba ile.

Jana nikaenda Lupepo. Nilimkuta Tusekile barazani anamenya ndizi, na mwanzoni hakutaka kusikia.

"Wifi, wewe umekuwa mtaalamu wa biashara tangu lini?" akaniambia. "Hata vitumbua vilikushinda."

"Vilinishinda kwa sababu kaka yako alivila vyote."

Akacheka. Nikamuuliza Festo ni mtoto wa nani kwenu.

"Kwetu? Huyo si wa kwenu?"

"Kwetu hatuna Festo."

Aliacha kumenya. Lakini bado hakukubali. "Mtu adanganye kwenye msiba? Chini ya picha ya kaka? Hapana, wifi. Tena yeye ndiye anayetusalimia. Ninyi wa mjini mlinyamaza. Hata wewe ulininyamazia."

Alisema kweli. Nilimwambia tu tumpigie, na aongee yeye.

Festo alipokea haraka, akatoa shikamoo nzuri. Tusekile akaitikia, akamuuliza hali, akamuuliza na kazi, kama anavyomuuliza mgeni yeyote. Kisha akasema, "Mwanangu, siku ya mazishi ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama. Nililia sana siku ile."

"Tulimzika wapi vile?"

"Si pale makaburini, mama. Karibu na kanisa."

Baba Lusajo, kaburi lako lilikuwa mbele yetu, pale kwenye migomba kando ya nyumba ya baba yako. Ungetoka barazani hatua chache ungeligusa. Katika ukoo wenu hakuna aliyezikwa nje ya nyumbani, na yeyote aliyefika siku ile alikanyaga udongo ule.

Tusekile aliliangalia kaburi, halafu akaiangalia simu. "Basi kamfukue hukohuko," akasema, "yeye akupe ng'ombe." Akakata.

Akaendelea kumenya. Alikuwa anakata maganda mazito, nusu ya ndizi inaondoka nayo. Baadaye alimpigia yule mnunuzi na kumwambia asije.

Wewe sikufichi. Salamu za Festo zilinisaidia. Zilikuwa za mwizi, na zilinisaidia.

Leo asubuhi nilikwenda polisi. Askari aliniambia nihifadhi picha za ujumbe wote kabla sijafuta chochote, nami nikahifadhi, kisha nikaripoti namba yake kwa kampuni ya simu. Nilimwondoa Festo kundini, nikawaandikia watu kwamba ile biashara ni utapeli. Haikupita muda mjomba wako akanipigia, sauti ya chini sana. Yeye alikwisha kutuma hela. Hataki mkewe ajue, na hataki kwenda polisi, anaogopa kuchekwa. Nimemwambia nitamsindikiza kesho, na nikiona mtu anacheka nitamjibu mimi.

Wapo waliosema inatosha kumwondoa Festo. Nilipitia majina ya kundi, nikaona mengine ambayo siyajui. Nilimuuliza Tusekile, naye hayajui. Kila upande ulidhani ni watu wa upande wa pili, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu nani anamuuliza mtu aliyekuja kulia naye? Nikaona basi, nikawaandikia tena, watoke wote.

Waliposoma ujumbe wangu walianza kutoka mmoja mmoja. Mzee wa kanisa alitoka wa kwanza, akanitumia pembeni, "Asante mama, nilikuwa naona aibu." Nilibaki mimi na picha yako, nikaihifadhi, nikafunga.

Nakuwekea hapa maneno niliyowaandikia, uyajue:

Ndugu zangu, matanga yalianuliwa zamani, nasi tumebaki humu kwa kuoneana haya. Tokeni kwa amani, hamjamtupa marehemu. Mtu akiwaletea biashara kwa jina lake, mwulizeni ni mtoto wa nani, na msitume kitu kabla hamjanipigia. Mimi nipo palepale nyumbani Makandana, namba ni ileile. Hata kama hamna shida yoyote, mnikumbuke.