Kukri Yenye Kichwa cha Simba

Chyandanda, Bhojpur
Tarehe 9 Falgun

Mpendwa mjukuu wangu Asarman,

Umenunua kisu cha kazi kama mtu anayechagua hereni. Nakuambia hivyo kabla ya salamu kwa sababu neno hili nimelibeba siku kumi na moja, na limenichosha kuliko tenga la majani. Una miaka thelathini, umezaliwa katika nyumba ambayo kukri, kisu chetu kilichopinda, haitoki kiunoni, na bado ukaingia duka la Kathmandu ukavutwa na kichwa cha simba kwenye mpini.

Haya, sasa salamu. Hujambo huko Doha? Kile kifua cha vumbi la ghala kimepona, au bado unakohoa na kusema umepona? Unakula chakula cha moto? Mimi niko hivyohivyo. Magoti yanauma nikipanda, yanauma nikishuka, na nikikaa yanauma kwa kuwa nimekaa. Baridi imeanza kulegea, nashukuru kwa hilo.

Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi zile nilizofundishwa kwenye darasa la akina mama wazee, kwa hiyo usicheke mistari ikipanda mlima. Kwenye simu siwezi kusema. Mkeo Phulmati hukaa ubavuni pangu na kunifinya nikifungua mdomo. Barua hii ataibeba Tilbikram wa nyumba ya chini, anayerudi huko kazini Jumanne.

Mkeo amevunjika kifundo cha mkono wa kulia. Juzi ulimwona kwenye simu amejifunika shali mkono mzima, ukamwambia amependeza. Ndani ya shali ile mlikuwa na plasta.

Ilikuwa hivi. Alipanda mti wa majani ya nyati wetu wa maziwa, ule ulio juu ya ngazi ya tatu ya shamba. Mimi nilikuwa chini nafunga matawi, na mwanao Binsa alikaa kando ya tenga akimlisha mdoli wake wa gunzi. Tawi halikuwa nene kuliko mkono wangu. Phulmati alipiga mara mbili. Mara ya tatu nikasikia mlio usio wa mti, na kukri yako ikashuka peke yake. Mpini ulibaki mkononi mwa mkeo, na simba wako ametoa macho. Chuma kilijichomeka ndani ya tenga. Kati yake na kichwa cha Binsa pangeingia kiganja kimoja. Nimepima kwa kiganja changu mwenyewe.

Mtoto hakulia. Aliuliza kama kisu kimeanguka kwa kuwa kimechoka. Mama yake alishuka bila kutazama pa kukanyaga, na hapo kwenye tawi la mwisho ndipo alipoanguka. Alinisihi nisikuambie, eti utakosa usingizi. Ukose. Mimi nimeukosa.

Kwenye kituo cha afya wamesema wiki sita asishike kitu. Nyumba hii ina wanawake watatu, mmoja ana miaka minne na mmoja ana mkono mmoja, kwa hiyo anayepanda mti sasa ni mimi, nikiwa na miaka yangu sabini na moja. Natumia kukri ya babu yako. Imeliwa na kinoo miaka arobaini hata imekuwa nyembamba kama mundu. Majani inakata, tawi haikati. Nyati ana ndama wa wiki tatu, nyasi kavu zimekwisha, na mvua iko mbali. Nikianguka mimi, sijui Phulmati ataanza na nani, na mgonjwa, na mtoto, au na mnyama.

Kwa hiyo nilifunga vile vipande viwili vya kukri yako kwenye kitambaa nikateremka kwa Harkabir mhunzi. Unajua kwa nini miguu yangu ilikuwa mizito. Tangu enzi ya babu yake na ya baba mzaa babu yako, kila mavuno tenga moja la mpunga na ulezi hutoka kwetu kwenda kwake, naye chuma chetu chote cha mwaka, jembe, mundu, kukri, ni mzigo wake. Sikukuu ya Dashain iliyopita wewe ulimkataza mkeo kulipeleka. Ukasema siku hizi vitu vinanunuliwa dukani. Kisha ukakaa kwenye duka la chai na ile kukri yako inayong'aa, ukasema mbele ya watu kwamba chuma cha Harkabir ni cha kuchimbia viazi. Ukamwambia, "We mhunzi, sogeza hicho kiti." Mtu wa rika la marehemu baba yako.

Nilimkuta amekaa, moto haujawashwa. Akafungua kitambaa.

"Mama Mkubwa, umeniletea maiti," akasema.

"Nimekuletea. Niambie amekufa kwa nini."

Alichukua tupa akaipitisha kwenye makali, kisha kwenye mgongo. "Sikiliza. Huku tupa inakula, na huku inakula vilevile. Kisu cha kazi, tupa iteleze kwenye makali, iume mgongoni. Hiki hakikunyweshwa maji kwa birika, makali peke yake, kikiwa chekundu kwa moto, ili yawe magumu. Hiki kimeogeshwa tu."

Akanionyesha ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Mfupi kuliko kidole gumba chake, umegandishwa kwa gundi. "Mkia unatakiwa utoboe mpini mpaka nyuma, upigwe kichwa kama msumari. Hapo hata gundi ikiyeyuka, chuma hakina pa kwenda."

"Na pembe hii ya mpini?"

"Ya kutundika ukutani. Ikiona jasho inateleza, ikiona jua inapasuka. Kwa kazi ni mbao ngumu."

"Na simba?"

"Simba hana kosa, Mama Mkubwa. Ni yeye peke yake aliyefanyiwa kazi humu."

Nilicheka, na sikuwa nimecheka siku nyingi. Nikaona hapo ndipo pa kusema. Nikamwambia anifulie moja. Akakunja kitambaa taratibu, akanirudishia.

"Sifui. Mwezi wa Chait ukiisha nafunga, nakwenda Dharan kwa mwanangu."

"Chait haijaanza hata kuanza. Kukri moja ni siku mbili."

"Siku moja na nusu," akasema. "Lakini aliyesema nafua vya kuchimbia viazi si wewe. Aniombe yeye."

"Yuko Qatar."

"Sauti yake ya duka la chai ilinifuata mpaka hapa kwenye fuawe. Ya Qatar nayo itafika. Ana simu."

"Mkubwa wa nyumba ile ni mimi, Harkabir."

Alimimina chai kwenye glasi, akaiweka mbele yangu, akakaa kunitazama.

Unajua kikombe chake kwetu kinakaa nje, juu ya ukuta wa mawe, kwa kuwa ukoo wa wahunzi huhesabiwa najisi. Wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo ulikuwa ukikimwagia maji kwa mbali. Na mimi, tangu nilipoolewa kijiji hiki, sijawahi kutia mdomo kwenye chombo cha nyumba yake. Mama mkwe wangu angeoga mara tatu kwa kunitazama tu. Nilikaa pale na ile glasi mpaka ikaanza kupoa. Kisha nikainywa yote. Ilikuwa chai, basi. Tangawizi nyingi mno.

"Chai umekunywa, Mama Mkubwa, nashukuru," akasema Harkabir. "Kukri bado."

Nilipanda mlima nimekasirika mpaka kituo cha pili cha kupumzikia. Kufika cha tatu hasira ilikuwa imekwisha, nikabaki na magoti tu. Wanawake wa huko chini walikuwa wameniona, na jioni mke wa Tilbikram alikuja kuniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli na kwamba kwake yeye chai ni maji matupu. Kile kikombe cha nje nimekiingiza ndani, kimekaa pamoja na vingine. Usiniulize juu yake.

Sasa sikiliza kukri ya kazi inavyochaguliwa, ili siku nyingine usiniaibishe. Usiitazame kwanza. Ishike macho ukiwa umeyafumba. Uzito uwe mbele, penye tumbo la kisu, uvute mkono wenyewe kwenda chini, maana mkata matawi hapigi kwa nguvu ya bega, anaiacha kukri ianguke. Ukiona uzito uko mkononi, irudishe, hiyo ni ya kuchezea ngoma. Kisha igonge mgongoni kwa ukucha. Chuma kizuri huimba na kuendelea kidogo, kibaya hukohoa. Mgongo uwe mnene kama kidole chako cha mwisho. Lile pengo dogo lililokatwa karibu na mpini liwepo, utomvu wa mti udondoke pale usikufikie mkononi, na hadithi nyingine walizokupa dukani zitupe. Ala iwe na mbao ndani ya ngozi. Nakshi sitaki. Kung'aa sitaki. Kukri iliyotoka kwa mhunzi huwa nyeusi mgongoni kama sufuria, na hapo ndipo unapoona kwamba imepita motoni.

Usinitumie nyingine ya dukani, hata wakikuapia ni ya jeshi. Nitachimbia nayo viazi.

Na usimgombeze Phulmati. Alisema tangu siku ya kwanza kwamba mpini unacheza. Mimi nikamwambia ni mikono yake haijazoea. Kwa hiyo lawama yangu naijua, na sikuandikii kama mtu asiye na yake. Tenga la mavuno nalo, ulipolikataza, mimi nilikuwa nimekaa palepale jikoni. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa umekuja likizo na sikutaka ugomvi. Tumelipeleka juzi, mimi na Binsa, safari mbili nusunusu. Harkabir alilipokea. Moto hakuwasha.

Mambo mengine ni madogo. Ndama ni jike, ana doa jeupe kwenye paji. Paa la zizi linavuja upande wa kaskazini, litangoja. Mboga kavu zilizochachuka mwaka huu ni tamu, nimempa Tilbikram kifurushi chako. Pombe ya ulezi nimetia kwenye mtungi mmoja tu, hakuna mnywaji. Binsa sasa anajua kuhesabu mpaka ishirini, lakini kumi na nne si kwamba anairuka tu, haitaki kabisa. Kila jioni anauliza kama Qatar kuna miti, na nani anaipanda.

Nimechoka, mjukuu wangu. Mwaka jana nikichoka nililala nikaamka mpya. Siku hizi uchovu unaamka kabla yangu, unanisubiri mlangoni na tenga. Sisemi ili urudi. Najua kwa nini uko huko. Nasema ili ujue nani yuko juu ya mti ukisoma barua hii.

Phulmati anakusalimu, na hajui nimeandika nini. Binsa anakusalimu na mdoli wake. Msalimie Tilbikram akishafika salama, na yule rafiki yako wa Khotang mnayelala chumba kimoja, mwambie dawa ya kikohozi niliyompelekea si ya kuweka kwenye begi. Mafiga matatu ya jiko letu, walipo wazee wetu wote, babu yako na baba yako wakiwemo, yakukumbuke kila moto unapowashwa. Urudi na vidole vyote kumi.

Ijumaa hufanyi kazi. Amka mapema, kabla hujala, umpigie Harkabir. Utamwita Baba Mdogo. Huyo "we mhunzi" afie hapohapo kwenye duka la chai. Umuulize kwanza hali yake na mgongo wake, kisha umwambie ulikosea na utaje ulichokosea, duka la chai na tenga vyote viwili, usiseme "kama nilikukwaza." Habari za malipo usiziguse mpaka azianze yeye. Ndipo umwombe kukri moja. Usimfundishe kazi. Mwambie tu ni ya mwanamke anayepanda mti na mtoto wake yuko chini, mengine anayajua.

Ni mimi bibi yako, ninayekupenda na hasira zangu zote,

Dhanmaya

Namba ya mkwe wa Harkabir, anayekaa na simu yao, nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Geuza, uinakili sasa hivi kabla hujaikunja.